UZI: Yann Bisseck alianza Bundesliga ana miaka 16, akapotea kabisa, mpaka Denmark wakamuokota

namba5_mstaafu

Wakuu salaam humu ndani. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu ile jumapili ya tarehe 18 Mei 2025, Inter na Lazio pale San Siro, nikawa naahirisha tu. Leo nauandika wote maana kuna jambo limenikuta kwenye timu yangu ya watoto na nimejikuta kila nikifungua mdomo namtolea mfano huyu kijana.

Mimi sio shabiki wa Inter. Mimi nafuatilia mabeki. Nimecheza sentahafu toka chandimu mpaka ligi ya mkoa, goti likakataa, sasa hivi nafundisha madogo jioni huku Mbagala, kwa hiyo nikiangalia mpira macho yangu hayafuati mpira yanafuata miguu ya namba nne na namba tano. Ndio ugonjwa wangu.

Siku ile nilikuwa banda umiza, mechi imeanza saa nne kasorobo usiku, watu sio wengi maana kesho yake jumatatu, wengi waliokuwepo walikuwa na mikeka yao ya kubeti. Kwenye tv mbili mechi mbili kwa wakati mmoja, huku Inter na Lazio, kule Parma na Napoli. Napoli wana pointi 78, Inter 77, zimebaki mechi mbili. Yaani kila goli upande huu watu wanageuza shingo kuangalia upande ule.

Bisseck wa Inter akafunga kabla ya mapumziko. Beki! Banda zima wakaanza kuuliza huyu jamaa mweusi mrefu ni nani, nikaanza kuwaeleza, Mjerumani huyo, kazaliwa Köln mwaka 2000, wazazi wake Wakameruni. Pedro wa Lazio akasawazisha kipindi cha pili, Dumfries akarudisha uongozi, 2-1, kule Napoli bado 0-0. Mpaka hapo Inter anakaa juu ya msimamo kwa pointi moja imebaki mechi moja. Halafu dakika za lala salama, dakika ya 90, mpira ndani ya boksi, ukamgonga Bisseck mkononi. Refa akaitwa kwenye VAR, ile video ya marudio.

Wale mnaojua kukaa banda umiza mnajua ule ukimya wa VAR. Feni tu inasikika. Mimi nilishajua, nilisimama kabisa nikasema amenawa, amenawa, na moyo ukaniuma kama namfahamu yule mtoto. Penati. Pedro tena. 2-2. Napoli akamaliza 0-0 kule kwake, msimu ukaisha Napoli 82, Inter 81. Pointi moja wakuu. Mtu mmoja usiku mmoja kafunga goli na kaunawa mpira, na ubingwa wa Italia ukapita hapo katikati.

Toka siku ile watu wengi wanamjua kwa ule mkono tu. Ndio maana nataka niwaeleze alikotoka, maana ukiijua safari yake ule mkono unauona kwa jicho lingine.

Sasa turudi nyuma. Novemba 2017. FC Köln iko hoi. Mechi 12 za Bundesliga ina pointi 2, haijashinda hata moja, na juu ya hapo iko Europa League, alhamisi tarehe 23 wamemfunga Arsenal 1-0 halafu jumapili tarehe 26 wana Hertha Berlin nyumbani. Majeruhi wamejaa, kocha Peter Stöger hana watu. Akamchukua mtoto wa timu ya vijana, miaka 16 na siku 362, bado siku tatu atimize 17, akamtupa uwanjani. Wakati ule akawa mchezaji wa pili kwa udogo kuwahi kucheza Bundesliga, mbele yake Nuri Şahin tu wa Dortmund mwaka 2005.

Magazeti yakaandika. Rekodi, rekodi, rekodi. Lakini mechi yenyewe Köln walipigwa 2-0, na wiki moja baadaye Stöger akafukuzwa, na mwisho wa msimu timu ikashuka daraja.

Mnanielewa hapo? Yule dogo hakupangwa kwa sababu ameiva. Alipangwa kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua, na nyumba ikiungua aliye karibu ndiye anapewa ndoo. Moto ukizima, au nyumba ikiteketea, hakuna anayekumbuka kumuuliza yule aliyebeba ndoo kama mikono imeungua. Akacheza mechi chache za kuhesabika kwa vidole, halafu kimya.

Na ubaya wa rekodi ni huu, inakufuata. Kila anayekuona anasema huyu si yule wa miaka 16? Mbona hajafika popote? Una miaka 18 tu lakini watu wanakuona kama mzee aliyefeli.

Kiangazi 2019 wakamtoa kwa mkopo Holstein Kiel, daraja la pili. Kule akasugua benchi. Januari 2020 wakamhamishia Roda JC ya Kerkrade, Uholanzi, daraja la pili pia, hajakaa sawa korona ikaja, ligi ya Uholanzi ikafutwa kabisa haikumaliziwa. Msimu uliofuata akapelekwa Ureno, Vitória Guimarães, na kule muda mwingi alikuwa timu B. Hebu piga picha, umewahi kucheza Bundesliga na miaka 16, sasa una miaka 20, nchi tatu ndani ya miaka miwili, lugha tatu, na unacheza timu B. Mabeki wengi wanaishia hapo.

Naendelea kwenye post ya chini, niwashe sigara ya mbu kwanza maana huku ni hatari.

kona_fupi

Nimekaa siti ya mbele. Tiririka mkuu.

namba5_mstaafu

Kiangazi 2021 AGF ya Aarhus, Denmark, wakamchukua kwa mkopo. Hapa ndipo palipomtengeneza na ndipo nataka tukae kidogo.

Msimu wa kwanza AGF ilikuwa mbaya. Ilimaliza nafasi ya 10 kwenye timu 12, imeponea chupuchupu. Lakini Bisseck alikuwa anacheza. Kila wiki. Baridi, mvua, uwanja mgumu, timu inafungwa, yeye yumo. Baadaye wakamnunua moja kwa moja. Halafu 2022 akaja kocha Mjerumani, Uwe Rösler, yule straika wa zamani wa Manchester City miaka ya 90, na timu ile ile iliyotaka kushuka ikamaliza nafasi ya 3. Bisseck ndani ya ukuta.

Ukimuangalia wa Denmark unamuona mtu anajifunza kazi. Urefu mita 1.96 alikuwa nao tokea zamani, huo Mungu kampa. Lakini beki mrefu anakuwa na matatizo yake, kugeuka anachelewa, mpira ukiwa chini kwenye miguu anasumbuka, winga mfupi akimjia anakufa. Hivyo vitu havifundishwi ubaoni wala gym. Vinafundishwa na mechi 30 kwa msimu, unakatwa mbuga leo, wiki ijayo unasimama hatua mbili nyuma, wiki ile nyingine unajua sasa nisimame upande gani nimlazimishe aende kwenye mguu wake mbovu.

Kiangazi 2023 Inter wakaja na kama yuro milioni 7. Kwenye soko la leo hizo ni hela za kununulia beki wa akiba na kweli alinunuliwa kama wa akiba. Beki wao Škriniar kaondoka bure kwenda PSG, na mwisho wa Agosti wakamleta Pavard wa Bayern, bingwa wa dunia, kwa namba ile ile ya beki wa kulia kwenye watatu. Sasa wewe umetoka AGF, unamkuta Pavard mbele yako. Miezi ya mwanzo alikaa benchi akitazama.

Lakini sikilizeni, kukaa benchi na miaka 22 ukiwa umeshacheza misimu miwili mfululizo sio sawa na kukaa benchi na miaka 18 ukiwa hujui hata wewe ni mchezaji wa aina gani. Alikuwa na akiba. Desemba 23, 2023 akapangwa na Lecce, frikiki ya Calhanoglu, akapanda hewani, kichwa, goli. Machi 9, 2024 kule Bologna mpira wa krosi katoa Bastoni, kichwa kapiga Bisseck, 1-0, pointi tatu. Yaani krosi ya beki wa kushoto, goli la beki wa kulia! Kwenye 3-5-2 ya kocha Inzaghi, yaani mabeki watatu nyuma, wale mabeki wawili wa pembeni ya kati sio walinzi tu, wanapanda kama mafulubeki, na Bisseck kwa hatua zake zile ndefu akianza kupanda na mpira kumrudisha ni kazi. Msimu ule Inter wakabeba ubingwa wa 20, Aprili 22, wakamfunga Milan kwenye dabi 2-1.

mpira_hesabu

Mkuu uzi mzuri lakini naomba nipingane na wewe kwa heshima. Unasema kuanza mapema kulimuumiza. Sasa Pau Cubarsí wa Barcelona mbona kaanza timu ya wakubwa Januari 2024 ana miaka 16, beki wa kati vile vile, na hajapotea? Kwa hiyo tatizo sio umri, tatizo ni uwezo, Bisseck hakuwa tayari ni hivyo tu. Na tusisahau huyu ndiye aliyewanyima Inter ubingwa, dakika ya 90 beki anayejua kazi anaweka mikono nyuma.

namba5_mstaafu

mpira_hesabu kaka, swali lako la Cubarsí ni zuri sana na nililitegemea. Tena wote wawili walikutana nusu fainali ya Champions League 2025, Pavard alikuwa majeruhi kwa hiyo Bisseck akapata nafasi dhidi ya Barcelona, ile 3-3 kule, 4-3 San Siro, jumla 7-6, Acerbi beki wa miaka 37 anasawazisha dakika za nyongeza na Frattesi anamaliza.

Lakini angalia walikoanzia. Cubarsí kakulia La Masia, shule ya soka ya Barcelona, timu ya watoto na timu ya wakubwa wanacheza mpira wa aina moja, anapanda ghorofa moja kwenda ghorofa nyingine kwenye nyumba ile ile. Alipoingia aliwekwa acheze anachokijua, na wiki iliyofuata akacheza, na iliyofuata tena. Bisseck aliingia timu yenye pointi 2, kocha wa kufukuzwa, ukuta unaobadilika kila wiki kwa majeruhi. Ukimuweka Cubarsí Köln Novemba 2017 sijui leo tungekuwa tunamzungumzia nani. Umri mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni wiki inayofuata. Mtoto akishacheza leo, wiki ijayo nani anampanga?

Kuhusu mkono. Kaka umewahi kucheza beki? Nauliza kwa nia njema kabisa. Mikono nyuma unaiweka ukiwa umesimama, unamkabili mtu ana mpira mguuni unasubiri krosi. Ukiwa kwenye purukushani mpira unadunda, umeruka au unageuka, ukiweka mikono nyuma unaanguka kama gogo. Mwili unaitaka ile mikono kwa balansi, na mtu wa mita 1.96 mikono yake ni mirefu haina pa kujificha. Sisemi sio penati. Kwa sheria za sasa ni penati. Nasema sio uzembe.

dada_wa_jutland

Jamani mie nimeingia humu kwa bahati tu, shangazi yangu kanitumia hii linki kwa WhatsApp. Mie natokea Unguja lakini nipo Aarhus mwaka wa tisa huu. Huyu kijana nimemuona kwa macho yangu!

Uwanja wa AGF wa zamani ulikuwa ndani ya msitu, msitu wa Marselisborg, unatoka mjini unapita miti mpaka unatokea uwanjani. Mume wangu mpenzi wa mpira kupita kiasi, mie nikifuatana nae ili nisikae nyumbani peke yangu wakati wa baridi. Basi jezi zao nyeupe, na huyu kijana mweusi mrefu katikati, huwezi kumkosa. Mie mambo ya kukaba siyajui lakini nakumbuka sauti yake. Kulikuwa hakujajaa sana watu siku zile timu ikiwa mbovu, basi unamsikia anavyopiga kelele kuwapanga wenziwe, mkono mmoja juu, anawasogeza kama mtu anaswaga ng'ombe. Nikamuuliza mume wangu yule ndio mkubwa wao? Akanambia yule ana miaka 21 na hata sio timu yake, kaazimwa.

Lile neno kaazimwa lilinikaa moyoni. Mtu kaazimwa na anaishughulikia nyumba kama yake.

Alipoondoka kwenda Inter watu hapa walifurahi wallahi, hakuna alieona kama kawakimbia. Kwao ni fahari.

namba5_mstaafu

Dada yangu umenifanya niache chai. Hiyo ya kuwapanga wenzake ndio kitu ambacho kwenye tv hatukioni! Kamera inafuata mpira, beki anaongea dakika 90 sisi hatusikii. Ahsante sana na msalimie shemeji.

kisauni_stopper

Niaje wadau, mimi ni wa Mombasa. Hii thread imeweza. Swali langu ni moja, huyu boy mbona asichezee tu Cameroon? Pale Ujerumani kuna foleni ya mabeki, Rüdiger, Tah, Schlotterbeck, sasa Thiaw pia. Joel Matip alizaliwa Bochum na akachagua Cameroon, akaenda World Cup nao. Bisseck angekuwa anaanza kila game saa hii.

namba5_mstaafu

Kisauni karibu sana ndugu. Hilo ni swali la kila kijana wa damu mbili na mimi siwezi kumchagulia mtu nyumba ya moyo wake. Huyu timu za vijana za Ujerumani kachezea, mpaka Euro ya vijana chini ya miaka 21 ya 2023 kule Georgia alikuwemo, ile Ujerumani walitoka hatua ya makundi na vijana wenzao wawili weusi, Moukoko na Ngankam, wakatukanwa mitandaoni kwa rangi yao kwa sababu ya kukosa penati. Pamoja na hayo yote akaendelea kusubiri simu ya Ujerumani, na Machi 2025 kocha wa Ujerumani Nagelsmann akamuita kikosi cha wakubwa kwa mara ya kwanza, mechi za Nations League na Italia.

Sasa tofauti na Matip ni hii, Matip alikuwa ameshika namba Schalke akiwa mdogo, akaamua mapema. Bisseck kwa miaka yote ile ya Kiel na Kerkrade na Guimarães hakuna timu ya taifa ya wakubwa ingemuwaza, iwe hii iwe ile. Alichelewa kufika sokoni. Na kuna la kiufundi pia. Inter ni mabeki watatu, Ujerumani mara nyingi wanne. Beki aliyezoea kuwa na mtu kulia na kushoto kwake, ukimuweka wawili katikati anaona uwanja umekuwa mpana ghafla. Anaweza kujifunza, lakini kwa siku nne za kambi ni ngumu.

Thiaw umemtaja vizuri. Huyo wa Düsseldorf, 2001, baba Msenegali mama Mfini, Schalke akashuka nao daraja akapanda nao, 2022 Milan, 2025 Newcastle. Njia yake imenyooka kidogo. Hao vijana wanafanana kwa umbo watu wanawachanganya, lakini Thiaw hakuwahi kuitwa wa rekodi kwa hiyo alikua kimya kimya.

mpira_hesabu

Nakubali hoja ya wiki inayofuata, hiyo sikuifikiria. Ila bado fainali ya Champions League alionekana wa kawaida. 5-0.

namba5_mstaafu

Kaka fainali ile usimuweke kwenye hukumu. Munich, Mei 31, nchini kwake, PSG tayari wameshaua mechi, dakika ya 54 anaingia badala ya Pavard, dakika nane baadaye anatoka ameumia. Dakika nane! Siku 13 toka ule mkono wa Lazio. Alitembea kutoka nje akiwa na fainali ya Champions League ya dakika nane kwenye mji wa Ujerumani, na hakuna timu iliyowahi kufungwa 5-0 kwenye fainali hiyo kabla yao. Mimi nikasema mwaka huu mpira umemchukia huyu mtoto.

Kocha akabadilika, Inzaghi kaenda Saudia, kaja Chivu ambaye na yeye alikuwa beki pale pale Inter, Pavard kapelekwa Marseille kwa mkopo, kaletwa Akanji kutoka Manchester City. Tena foleni. Na Bisseck tena yumo, anapangwa, anapanda, anaruka. Huyo ndiye niliyewaletea humu.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Nilipokuwa na miaka 17 nilicheza timu moja, jina siitaji na wala haina haja. Namba tano wetu kaumia asubuhi ya mechi, kocha kanitafuta kijiweni, jezi kubwa inanifika magotini, uwanja umejaa, mama yangu hajui hata kama nacheza. Dakika kama ya 70 nikampa kipa mpira mfupi, wa vumbi, ukasimama njiani. Straika wao akafika kwanza. Tukafungwa 1-0. Kocha hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Hakunisemesha tu, sio siku ile sio wiki ile, na sikupangwa tena mpaka nikaondoka mwenyewe miezi mitano baadaye. Mpaka leo nikimuona mtoto anarudisha mpira kwa kipa tumbo linanikaza.

Na sasa nina dogo, namba tano wangu, ana miaka 15. Mrefu, mtulivu, ana kichwa. Mwezi uliopita wamekuja jamaa wa timu moja ya wakubwa wanamtaka acheze nao ligi, msimu umebaki mechi sita, timu iko mkiani, mabeki wao wawili wameumia. Baba yake amefurahi sana, na ana haki, maana wamemuahidi viatu na nauli na kahela kidogo. Majirani wananiambia mwalimu unamzibia mtoto riziki. Nimewauliza wale jamaa swali moja, msimu ukiisha mnampeleka wapi? Wakaniangalia kama nimewauliza habari za mwezini.

Sikulala vizuri siku mbili. Labda ni kweli namzibia. Labda naongea kwa donda langu la miaka 17 na sio kwa faida yake.

dada_wa_jutland

Mwalimu, mie ni mama wa vijana wawili. Mwenyewe kijana umemuuliza?

namba5_mstaafu

Dada nimemuuliza. Jana baada ya mazoezi nilimbakiza, tukakaa kwenye tairi la kule golini, nikamuonyesha kwenye simu kichwa cha Lecce, kichwa cha Bologna, halafu nikamuonyesha na Lazio yote, goli lake na mkono wake. Nikamwambia na habari ya Köln na kule kuazimwa azimwa. Alikuwa kimya anaangalia, ile ya mkono akairudisha mara tatu.

Halafu akaniuliza kitu kimoja tu. "Mwalimu, walimpanga tena?"

Nikamwambia siku 13 mbele aliingia fainali ya Ulaya. Na msimu uliofuata kocha mpya akampanga.

Akasema basi yeye anabaki, mpaka amalize shule mwakani. Baba yake nimeongea nae usiku, bado hajafurahi, lakini kakubali nisimamie mimi. Viatu nitamtafutia, nimeshaongea na mtu mmoja anauza mitumba Karume ana jozi ya namba 44 haijachakaa.

kona_fupi

Mwalimu hiyo 44 acha, kaka yangu ana jozi mpya kabisa kaletewa hazimtoshi. Nicheki inbox unielekeze uwanja uko wapi, mimi niko Mtoni Kijichi hapo sio mbali.

mpira_hesabu

Na mimi nauli ya mwezi mzima naitoa. Usinijibu hapa, nitumie namba. Mechi yenu ijayo lini?

namba5_mstaafu

Jumamosi saa kumi jioni. Nimewaandikia wote inbox, Mungu awabariki sana. Mje mapema maana kivuli kiko upande mmoja tu. Na jumapili iliyopita yule dogo alichezesha mtu onside kizembe tukafungwa, kwa hiyo mkimuona jumamosi amevaa jezi namba tano msishangae.